Inside the NBA: mezani pa Ernie Johnson

Mwaka 2024 NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, iligawa upya haki zake za matangazo: miaka 11, takribani dola bilioni 76, zikaenda kwa Disney, NBC na Amazon. Kituo cha runinga cha TNT, kilichokuwa kikionyesha ligi hiyo tangu miaka ya themanini, kikaachwa mlangoni. Kwa desturi ya biashara yetu, kituo kikipoteza mechi, kipindi cha uchambuzi nacho kinazikwa. Utachambua nini wakati mpira wenyewe huna? Lakini Novemba mwaka huohuo yalifikiwa makubaliano ambayo sijawahi kuona mfano wake: ESPN, kituo cha michezo cha Disney na mpinzani wao wa miaka yote, ingerusha Inside the NBA, kipindi cha uchambuzi cha TNT, kuanzia msimu wa 2025-26, huku TNT wakiendelea kukitengeneza kulekule Atlanta na watu walewale wanne. ESPN ilikuwa na mechi, ina fedha, ina wachambuzi wa kumwaga. Kipindi kama kile tu ndicho ilichoshindwa kukipata, ikabidi ikaazime kwa jirani.

Mimi natayarisha vipindi vya michezo, redio kwanza na sasa runinga, kwa hiyo habari ile niliisoma kama fundi. Ukiwauliza watazamaji siri ya kipindi, watakutajia wachezaji wa zamani Charles Barkley na Shaquille “Shaq” O'Neal. Ni kweli hao ndio wanaochekesha. Lakini wachekeshaji wapo kila studio, na vipindi vyao vinakufa baada ya misimu miwili. Angalia upande wa pili wa meza, kwa yule mzee wa miwani.

Ernie Johnson, mwongozaji wa kipindi, yuko pale tangu 1990. Hajacheza NBA hata dakika moja. Chuoni Georgia alicheza besiboli, mchezo ambao baba yake aliucheza kulipwa kabla hajawa mtangazaji. Kenny Smith, naye mchezaji wa zamani, alimkuta pale mwaka 1998, Barkley 2000, Shaq 2011. Ernie ana karatasi zake, ana takwimu, anajua tangazo la biashara linaingia lini. Ukimtazama kwa makini utaona ustadi wake mkubwa ni kujua wakati wa kuziacha hizo karatasi. Barkley akichepuka na kuanza kusimulia chakula alichokula juzi, mwongozaji wa kawaida atamrudisha kwenye mada mara moja, maana sikioni kuna mtu anampigia kelele kwamba zimebaki sekunde thelathini. Ernie humuuliza Barkley swali la pili kuhusu chakula hichohicho.

Anaweza kufanya hivyo kwa sababu ana muda, na hili wanaoiga kipindi huwa hawalioni. Mapumziko ya nusu mechi ni mafupi na matangazo yanakula sehemu kubwa. Pale hakuna mazungumzo yoyote ya maana. Kipindi chenyewe huanza mechi ya pili ikiisha, usiku mkubwa kwa saa za Atlanta, wakati hakuna kingine kinachosubiri kurushwa. Kwetu Afrika Mashariki huo ni muda wa kifungua kinywa, na wengi wetu tunakutana nacho kwenye simu, vipande vya dakika tatu nne ndani ya daladala. Nawajua mashabiki wa kipindi hiki wasiojua nani aliongoza kanda ya Mashariki ya NBA msimu uliopita.

Kisha kuna suala la pete. Shaq ana nne za ubingwa: tatu za Lakers, kuanzia 2000 hadi 2002, na moja ya Miami mwaka 2006. Kenny ana mbili za Houston, 1994 na 1995. Barkley, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 1993 na akapoteza fainali ya mwaka huo mbele ya Chicago Bulls, hana hata moja. Kwa hiyo anayeongea kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye mwenye pengo ambalo kila mtu analijua, na wenzake wanalichokonoa kila wiki. Hiyo inaondoa ule unafiki wa studio zetu, ambako mchezaji wa zamani anatambulishwa kama gwiji, kisha hakuna anayethubutu kumwambia kwamba alichosema ni upuuzi. Barkley anaambiwa. Naye anajibu.

Hawa ni watani, kwa maana ileile ya Wachaga na Wapare. Mtani anakutolea neno ambalo ndugu yako akilitoa mnashikana mashati. Na Shaq na Barkley walishikana kweli: Novemba 1999, Lakers ya Shaq dhidi ya Houston ya Barkley, Barkley akamtupia mpira, wakaviringishana sakafuni mbele ya uwanja mzima. Miaka kumi na miwili baadaye wakakaa meza moja.

Watani nao hawakai mbali wakati wa msiba. Kobe Bryant alipofariki Januari 2020, mechi ya Lakers na Clippers ikaahirishwa. Siku mbili baada ya kifo wakapeleka kipindi katikati ya uwanja mtupu wa Staples Center. Shaq alilia. Jerry West, aliyewaleta Shaq na Kobe Lakers mwaka 1996, alikaa nao akaongea kwa shida. Nimeona vipindi vingi vikivaa huzuni siku moja na kuivua kesho yake. Hawa walibaki walewale, na ndiyo maana iliaminika. Agosti mwaka huohuo, wachezaji wa Milwaukee Bucks walipogoma kucheza baada ya polisi kumpiga risasi Mmarekani mweusi, Jacob Blake, Kenny alivua kipaza sauti hewani akaondoka. Ernie hakumzuia.

Jambo jingine ni deni. Mwaka 2002 Barkley alidai Yao Ming, akiwa mgeni kwenye ligi, hatafikisha pointi 19 katika mechi yoyote. Kenny akaweka dau, na Barkley akaahidi kumbusu makalio iwapo atakosea. Muda si muda Yao akawafunga Lakers pointi 20, na Barkley akabusu makalio ya punda studioni. Watu wanakumbuka punda. Mimi namfikiria mtayarishaji aliyetunza mkanda wa ile ahadi. Kipindi hiki kinahifadhi makosa yake na kuyarudia hadharani. Kwetu mchambuzi anaapa Jumatatu kwamba Simba itashinda, Jumatano anakuja na kiapo kipya, na fundi mitambo hana hata faili la kile cha kwanza. Ukitaka mabadiliko ya bei rahisi kuliko yote, anza na hilo faili.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Ukitaka kujua kwa nini ulinzi wa timu fulani ulivunjika robo ya nne, utapata kidogo kwa Kenny akisimama kwenye skrini kubwa, na baada ya hapo tafuta pengine. Shaq na Barkley mara nyingine hawawajui wachezaji wanaowazungumzia, na kipindi kimefika hadi kuligeuza hilo mchezo: Barkley hutajiwa jina, akisie anachezea timu gani. Linachekesha mara ya kwanza. Januari 2021 Shaq alimwambia Donovan Mitchell wa Utah, ambaye timu yake ilikuwa imeshinda dakika chache kabla, kwamba hana kinachohitajika kufika ngazi ya juu. Mitchell alijibu kwa maneno machache tu. Pale utani haukuwepo, kwa sababu kijana hakuwa na nafasi ya kurudisha.

Wanaoiga huwa wanaanza na majina: wastaafu wanne, meza ndefu, taa nyingi, na kila mmoja anapewa zamu ya kuongea kama kikao cha harusi. Mwongozaji huajiriwa mwisho, kwa fedha iliyobaki. Barkley ni wa 1963, Kenny wa 1965, Shaq wa 1972. Ernie alizaliwa 1956, na ESPN wakianza kutafuta mrithi, hiyo ndiyo nafasi ambayo mimi ningeanza kuitafutia mtu leo.