Mtoto akivunjika kwenye tabaka la ukuaji, hupona kwa muda gani?

Mtoto ameanguka kutoka juu ya punda pale Lamu, akajikinga kwa kiganja. Jioni kifundo cha mkono kimevimba. Nyumbani wanasema "ameteguka tu", mafuta ya simsim yapashwe moto, akandwe.

Mtu mzima huenda kweli ameteguka. Mtoto ana jambo jingine: karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka jembamba la gegedu, yaani kitu kigumu kiasi kama cha sikio, na hilo ndilo linalourefusha mfupa. Ni dhaifu kuliko kano zinazofunga kiungo, kwa hiyo kishindo ambacho kingemtegua baba, kwa mwanawe huvunja tabaka hilo. Tena gegedu halionekani kwenye eksirei, ila kama ufa mweusi. Ndiyo maana daktari humfunga mtoto plasta hata picha ikiwa safi, maadamu akibonyezwa pale pale anapiga kelele.

Kuunga huchukua wiki 3 hadi 6 hivi, na kadiri mtoto alivyo mdogo ndivyo anavyowahi. Haraka hiyo ina ubaya wake, kwani mfupa uliokaa upande nao huunga upesi. Ukishapoteza siku 10 kwa wakandaji, daktari atasita kuurudisha, maana kuulazimisha kwaweza kuliumiza tabaka lenyewe.

Madaktari huugawa mvunjiko huu kwa aina 5 zilizopangwa na Salter na Harris wa Kanada mwaka 1963. Ya 2 ndiyo ya kawaida, na aghalabu hupona vizuri. Ya 3 na ya 4 hupasua mpaka ndani ya kiungo, mara nyingi huhitaji upasuaji.

Plasta ikitolewa, mfupa umeunga; kama utaendelea kukua sawasawa, hilo hujulikana baada ya miezi. Tabaka likiota kovu la mfupa upande mmoja, mkono hupinda, au mguu mmoja huwa mfupi. Pa kuogopa zaidi ni mwisho wa mfupa wa paja, juu ya goti. Kwa hiyo mtoto huambiwa arudi kwa miezi 6, mwaka, hata zaidi. Ukitoka Faza, kisiwani Pate, hiyo ni nauli ya boti kila mara, na mama akimwona mwanawe anajirusha baharini husema keshapona, simlaumu. Ila wa miaka 6 bado ana miaka mingi ya kurefuka, na kovu dogo lina muda wa kutosha kumpinda. Wa miaka 16 tabaka lake limekaribia kufunga.