Barua za mapendekezo kwa chuo cha udaktari Marekani: dhana potofu na ukweli

Aliyesomea udaktari Kenya au Tanzania aliingia kwa matokeo ya mtihani. Kenya, KUCCPS, taasisi inayopanga wanafunzi vyuoni, hutazama alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Tanzania, chuo hutaka ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia ya kidato cha sita. Barua tulizozizoea sisi ni ya chifu au ya serikali ya mtaa: inathibitisha kwamba unaishi unaposema unaishi, ina muhuri, basi. Ndiyo maana mtoto aliyekulia Minnesota au Texas akisema anahitaji barua za kuombea udaktari, ambao huko husomwa baada ya shahada ya kwanza, wazee nyumbani huanza kuhesabu nani wanamjua mwenye cheo.

Dhana: Barua ya mtu mzito ndiyo yenye uzito.

Balozi, mbunge, askofu, mkurugenzi wa hospitali aliyesoma na baba. Kamati ya udahili haina haja nao, isipokuwa kama kweli wamefanya kazi na mwombaji. AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, imewatolea waandishi wa barua mwongozo. Unamtaka mwandishi aeleze anamfahamu mwombaji kwa njia gani na kwa muda gani, amemwona akifanya nini kwa macho yake mwenyewe, na akimlinganisha na wengine aliowafundisha au kuwasimamia, anamweka wapi. Balozi aliyekutana na kijana harusini atajibu nini hapo? Ataandika kwamba ni mtoto mwenye nidhamu kutoka familia nzuri, na msomaji atafunua ukurasa unaofuata.

Sasa chukua mwalimu wa maabara ya kemia, asiyejulikana nje ya jengo lake, anayeandika kwamba jaribio la mwanafunzi huyu lilipoharibika mara ya pili alibaki nyuma, akapitia daftari lake mstari kwa mstari hadi akakuta alipokosea kipimo, kisha wiki iliyofuata akamwonya mwenzake asirudie kosa lile lile. Msomaji amepata kitu ambacho alama hazimwambii.

Mjomba daktari naye asiandike, hata kama majina ya ukoo hayafanani. Barua ya ndugu haina thamani mbele ya kamati, na ikigundulika kwamba undugu ulifichwa, linalotiliwa shaka ni uaminifu wa mwombaji mwenyewe.

Dhana: Anayeomba udaktari lazima apate barua ya daktari.

Inategemea chuo. Vyuo vingi vinavyotoa MD, shahada ya udaktari iliyozoeleka zaidi, hutanguliza walimu wa chuo kikuu. Mpangilio unaokutana nao mara nyingi ni barua mbili za walimu wa sayansi na moja ya mwalimu wa somo lisilo la sayansi, lakini tofauti ni nyingi, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo kwenye MSAR, hifadhidata ya AAMC. Vyuo vya DO, shahada ya udaktari wa osteopathia, ni habari nyingine: vingi vinataka au hupendelea barua ya daktari, na kama daktari huyo mwenyewe ni DO, afadhali zaidi. Hata hivyo, daktari uliyemfuata wodini siku mbili alikuona umesimama pembeni tu. Anayeweza kukuandikia ni yule uliyefanya naye kazi miezi kadhaa, ukiwakalimania wagonjwa au ukipokea watu kliniki.

Dhana: Profesa aliyenipa A ndiye wa kumwomba.

Hiyo A tayari imo kwenye rekodi zako za masomo, na kamati inaiona. Ukiwa mmoja wa wanafunzi mia tatu ukumbini, profesa atafungua orodha ya alama, aone A, aandike kwamba ulipata A. Mara nyingi anafaa zaidi yule aliyekupa B+ baada ya kukuona umeanza vibaya, umekuja kuuliza, umerudi tena na maswali makali zaidi ya yale ya mwanzo.

Hapa ndipo malezi yetu yanapotugharimu. Nyumbani tulifundishwa kwamba adabu ni kutomsumbua mkubwa: keti nyuma, sikiliza, fanya vizuri, utaonekana. Katika chuo kikuu cha Marekani huonekani. Profesa hutenga saa fulani kila wiki za kukaa ofisini apokee wanafunzi, na aghalabu wanaojitokeza ni wachache. Kuingia pale na swali la kweli si kujipendekeza; ameketi kwa ajili hiyo. Lakini anza mapema. Mwanafunzi anayebisha hodi mara ya kwanza mwaka wa tatu, akiwa na fomu mkononi, amechelewa.

Na kama anayekufahamu kweli ni msaidizi wa kufundisha, usimpuuze. Barua yake peke yake huenda isihesabiwe kuwa ya profesa, lakini anaweza kumpa profesa maelezo, au waiandike pamoja na wote wawili waisaini. Uliza chuo unachoomba kama kinaikubali.

Dhana: Akishakubali kuandika, mambo yamekwisha.

Watu wengi hukubali kwa sababu kukataa kunawatia aibu. Kwa hiyo swali liwe hivi: "Profesa, unaona unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu?" Kwa masikio yetu ni swali la ujeuri kidogo. Kwao ni heshima, kwa kuwa linampa nafasi ya kujitoa. Akisitasita, mshukuru na uondoke. Barua ya shingo upande hudhuru, tena bila neno baya hata moja ndani yake.

Akikubali, mpe wasifu wako, rasimu ya insha yako, na kumbusho la kazi uliyofanya kwake. Mwambie pia tarehe unayoihitaji.

Dhana: Ni lazima niisome kwanza, nisije nikachomwa.

Sheria ya FERPA ya 1974 inampa mwanafunzi haki ya kuona rekodi zake za masomo, na barua inaweza kuwa mojawapo. Utaulizwa kama unaiachilia haki hiyo. Iachilie. Kamati huiamini zaidi barua iliyoandikwa na mtu aliyejua mwombaji hataisoma. Ukiona huwezi kuiachilia kwa sababu humwamini mwandishi, umemchagua mtu asiyefaa.

Dhana: Barua zikiwa nyingi, nafasi inaongezeka.

AMCAS, mfumo wa maombi wa vyuo vingi vya MD, hupokea hadi barua 10, lakini vyuo vyenyewe vina viwango vyao. Barua ya saba inayorudia yaliyosemwa na ya pili inamchosha msomaji tu. Na kama chuo kikuu chako kina kamati ya kuandika barua ya pamoja kwa wanaoomba udaktari, itumie, la sivyo jiandae kueleza kwa nini hukuitumia.

Dhana: Fomu haiwezi kutumwa mpaka barua zote zifike.

AMCAS hukuruhusu kutuma maombi barua zikiwa bado njiani, na kazi yao ya kuhakiki masomo yako haizisubiri. Vyuo vingi hushughulikia maombi kadiri yanavyoingia, hivyo kukaa na fomu tangu Juni hadi Agosti kwa ajili ya profesa mmoja aliyesafiri ni kujiumiza bure. Itume, kisha endelea kumkumbusha kwa upole, kwa kuwa faili lako chuoni halitahesabiwa limekamilika bila barua yake.

Anayeomba tena mwaka unaofuata ajue kwamba AMCAS haihamishi barua za mwaka uliopita. Zitatakiwa upya, kwa hiyo wengi huzihifadhi kwenye huduma kama Interfolio. Hata hivyo, mwombe mwandishi abadilishe tarehe na aongeze uliyoyafanya tangu hapo.