Baa 9 si amri: nilivyojaribu kubadili shinikizo la espreso

Kwa muda mrefu nilitengeneza espreso, kahawa nzito inayopatikana kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu kwenye kahawa iliyosagwa, kwa imani moja: shinikizo la baa 9 (baa ni kipimo cha shinikizo) tangu maji yanapogusa kahawa mpaka kikombe kinapotolewa. Siku hizi naiona namba hiyo kama mazoea tu. Mashine za wenzo, yaani za mkono wa kuvuta, zilizotokana na kazi ya Mwitalia Achille Gaggia zilisukuma maji kwa springi, na springi hulegea kadiri inavyotanuka, kwa hiyo shinikizo lilishuka lenyewe kuelekea mwisho. Pampu ya umeme ilipochukua nafasi yake, hasa baada ya mashine ya Faema E61 ya mwaka 1961, shinikizo likatulia palepale. Kazi ikawa rahisi, ila nadhani kuna kitu tulikipoteza.

Kahawa iliyoshindiliwa ndani ya kikapu, yaani kichujio cha mashine, haibaki vile ulivyoiweka. Kadiri vitu vinavyoyeyuka na kwenda kikombeni, inazidi kulegea na kuyapitisha maji kwa urahisi. Ukiendelea kuisukuma kwa nguvu ileile, maji huongeza kasi, na penye udhaifu hupatoboa pakawa mfereji. Kahawa iliyo kando ya mfereji hukamuliwa kupita kiasi, huku ya mbali ikiwa imelowa tu. Ndiyo maana kikombe kimoja huweza kuwa kichachu na kichungu kwa wakati mmoja, jambo lililonisumbua sana nilipoanza kutumia kahawa iliyokaangwa kidogo.

Basi nikachukua kahawa hiyo, gramu 18 kila mara, nikatoa gramu 36 kikombeni, maji yakiwa nyuzi 94 za Selsiasi. Kwa baa 9 moja kwa moja, refraktomita, kifaa cha kupima kiasi kilichoyeyuka, ilinionyesha kuwa asilimia 8.6 ya kinywaji ni vitu vilivyoyeyuka kutoka kwenye kahawa. Zidisha kwa 36, gawanya kwa 18: nimetoa asilimia 17.2 tu ya kahawa yangu. Wengi hulenga kati ya 18 na 22. Uchachu wake ulikuwa wa kukunja uso.

Mara ya pili niliiga springi. Nilianza na baa 3 hadi matone ya kwanza yalipotokea, nikapanda mpaka 8.5, kisha nikashuka polepole hadi 5. Safari hii nilitoa asilimia 18.6 ya kahawa, na ukakasi wa mwisho ukatoweka.

Iliyonishangaza ni ya tatu. Nilijaza maji taratibu mpaka kahawa yote ikalowa, nikasimamisha pampu kwa sekunde 30, ndipo nikasukuma. Katika utulivu huo maji hupenya ndani ya chembe, na hewa ya kaboni iliyofungiwa wakati wa kukaanga hupata nafasi ya kutoka kabla haijavuruga mtiririko. Jaribio la kwanza liliharibika, maana kahawa iliyokwisha kulowa ina ukinzani mdogo na maji yalimwagika kama bomba lililoachwa wazi. Ilibidi nisage laini zaidi, laini kiasi ambacho kwa njia ya kawaida mashine ingeziba kabisa. Nilipopatia, hesabu ilifika asilimia 20.8. Utamu ulikuja mbele, uchachu ukawa kama wa tunda lililoiva. Krema, lile povu la juu, ilipungua, lakini sikuikosa.

Ukitaka kujaribu, usibadilishe profaili (mpangilio wa shinikizo tangu mwanzo hadi mwisho) na usagaji kisha ukalinganisha ladha kana kwamba umegusa kimoja. Rekebisha usagaji hadi uzito wa kikombe na mtiririko vikae sawa, ndipo uonje. Na pima kikombe kwa mizani. Mistari ya kipimo kwenye glasi hudanganya kwa sababu ya povu.

Profaili hiyo ya kusubiri niliipeleka pia kwenye kahawa iliyokaangwa sana. Ilitoa ladha ya majivu. Kahawa hiyo huyeyuka upesi, haihitaji kubembelezwa sekunde 30. Kwake nimerudi kwenye mshuko wa springi, maji nikiyapunguza hadi nyuzi 90, na kikombe nakitoa mapema, kwenye gramu 32.