Kunguru Mwizi Katika Kurasa 48

Kijitabu cha michoro inayotembea nilichomaliza kukitengeneza wiki iliyopita kinaenea kiganjani. Unakibana mgongoni kwa mkono mmoja, kwa mwingine unaziachia kurasa zichomoke chini ya kidole gumba, na kunguru anatua mezani, anasita, anaondoka na andazi. Kisa chote ni sekunde 4: michoro 48, kama 12 kwa sekunde. Ufundi wenyewe ni wa zamani. Mwingereza John Barnes Linnett aliupatia hataza mwaka 1868 kwa jina la kineografu. Kidole gumba ni kilekile, mimi nimeongeza kompyuta tu.

Nachora kwa penseli, napitishia wino, na kila karatasi naitia misalaba miwili midogo pembeni. Usiidharau misalaba hiyo. Nikishaskani, kila mchoro unakuwa tabaka lake ndani ya Krita, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, nami nausogeza hadi misalaba ya wote ilaliane. Mchoro mmoja ukikaa milimita moja tu upande, meza inaruka kama imepigwa teke. Baada ya hapo nang'arisha weupe, nakoleza wino, nafuta vumbi.

Kishawishi kiko hapa. Kunguru akisita kabla ya kudokoa, anasimama kurasa 6. Mara ya kwanza nilinakili mchoro mmoja mara 6 nikaenda kunywa chai. Kumbe nimemuua! Alikauka kama picha ya kwenye kalenda, kisha ghafla akafufuka na andazi mdomoni. Siku hizi namchora yuleyule mara 3 kwa mkono na kuipokezanisha michoro hiyo. Mistari haiwezi kufanana sawasawa, kwa hiyo hata akitulia manyoya yanapumua. Meza nainakili bila huruma.

A4 moja inatoa kurasa 8 za milimita 105 kwa 74, kwa hiyo karatasi 6 zinatosha. Theluthi ya kushoto naiacha tupu, maana inamezwa na mgongo na vidole; ukiweka andazi huko hakuna atakayeliona. Namba ya ukurasa inakaa hukohuko. Niliwahi kuziangusha kurasa zote sakafuni feni ikiwa imewashwa, ndiyo maana siiachi namba.

Karatasi ya gramu 80 inalegea, haina mrusho. Natumia ya gramu 160. Na ukipeleka kuchapisha dukani, simama hapohapo uangalie kipimo kiandikwe asilimia 100. Mimi niliwahi kurudishiwa karatasi mbili ambazo printa ilizipunguza zienee ukurasani. Nilikuja kugundua nyumbani, baada ya kukata: kunguru ananywea, anavimba, ananywea tena. Nikalipia upya.

Kukata ni rula ya chuma na wembe mpya, basi. Kazi iko kwenye ukingo wa mbele. Kurasa zikilingana kabisa, kidole kinaziachia tano tano. Kwa hiyo kabla ya gundi nauegemeza mgongo kwenye rula niliyoilaza mshazari, ili kila ukurasa utokeze unywele mmoja kuliko uliotangulia: wa kwanza nyuma kabisa, wa mwisho mbele kabisa. Nabana kwa klipu mbili nyeusi, napaka gundi nyeupe ya mbao mgongoni, ikikauka napaka tena, naacha hadi asubuhi. Jalada ni kipande cha manila.

Mpwa wangu alikitazama mara kumi hivi, akamwonea huruma mwenye andazi. Akakigeuza, akakipeperusha kuanzia nyuma ili kunguru alirudishe. Kwa mshazari ule, kurasa zilimjia mafungu mafungu.

"Shangazi, hataki kurudisha," akasema.

Ameniagiza kingine, chenye mshazari wa upande wa pili.