Wivu wa watoto si kijicho

Kwa mazungumzo ya kila siku, neno wivu tunalibebesha mizigo miwili. Mtu akiumwa na roho kwa sababu ya viatu vipya vya jirani, tunasema ana wivu. Akihofia kunyang'anywa aliye wake, awe mume, mama au rafiki, tunasema vilevile. Lile la kwanza lina majina yake: kijicho, husuda, kijiba cha roho. La pili ndilo wivu hasa, na mara nyingi ndilo linalofanya watoto wamtenge mgeni. Kijicho hutosheka na watu wawili, mwenye kitu na asiye nacho. Wivu hutaka watatu.

Chukua ploti moja ya Langa Langa, hapa Nakuru. Wasichana wawili wa gredi ya nne wamekua mlango kwa mlango. Likizo ya Aprili inahamia familia kutoka Kisumu, na binti wa rika lao. Wiki ya kwanza mmoja wao anampenda mgeni, anamwonyesha jinsi wanavyoruka blada, ile kamba ya mpira, huku. Wiki ya pili yule mwingine ameanza: mgeni anasema "sati" badala ya "shati", mgeni ananuka samaki, eti mgeni amesema nyumba yenu ina kunguni.

Blada inataka watu watatu, wawili wa kushika kwa miguu na mmoja wa kuruka. Kabla mgeni hajaja, walikuwa wakifunga upande mmoja kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Sasa mtu wa tatu amepatikana, amesimama hapo kando akingoja, na blada bado inafungwa kwenye nguzo.

Mama wa mgeni huchukulia kwamba ni kijicho, amvue mtoto ndara mpya amvalishe zilizochakaa. Haisaidii, maana hakuna aliyezitamani. Muulize yule aliyeanzisha, tena pembeni, bila kumfokea, atakwambia mwenyewe: "Anataka kunichukulia rafiki yangu." Lafudhi na samaki ni visingizio, angezungumza kama wao wangemtafutia kasoro nyingine. (Ila visingizio hivyo hawakuvitunga wao, walivisikia kwa wakubwa. Na katika mji ambao mwaka 2008 watu walipiga kambi katika uwanja wa maonyesho kwa kufukuzwa makwao katika ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, si utani.)

Uvumi wa kunguni nao una jina katika saikolojia. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani, Nicki Crick na Jennifer Grotpeter, waliandika juu ya watoto wanaoumiza wenzao kupitia urafiki wenyewe: kusengenya, kumnyima mtu nafasi katika mchezo, kumwambia "sitakuwa rafiki yako tena". Hakuna ngumi, hakuna alama, kwa hiyo mwalimu haoni kitu.

Na kutengwa kunauma kuliko tunavyodhani. Mwanasaikolojia Kipling Williams alikuwa bustanini, kisahani cha kuchezea cha watu wawili asiowajua kikamfikia, akawarudishia, wakarushiana naye kidogo, kisha wakamwacha. Kutokana na hilo alitengeneza mchezo wa mpira wa kompyuta ambamo mtu hupewa mpira mara chache mwanzoni, halafu basi. Hata walioambiwa kwamba wanacheza na kompyuta tupu waliumia.

Mkubwa akiingilia, kwa kawaida hutoa amri: "Chezeni naye!" Watatii. Lakini amri haimwondolei mwenye wivu hofu yake. Angehitaji kwanza kuhakikishiwa kwamba rafiki bado ni wake. Kwa hiyo mgeni atapewa nafasi ya nguzo. Jioni atarudi nyumbani na alama za mpira kwenye vifundo vya miguu, amwambie mama kwa furaha kwamba leo amecheza. Mama akimuuliza ameruka mara ngapi, ataanza kutafuta daftari la hesabu.