Kikanisa cha magogo cha Greensted: stori zinazosemwa na ukweli wenyewe

Essex, mwendo mfupi tu nje ya London, kuna kikanisa cha Mtakatifu Andrea pale Greensted karibu na mji wa Ongar, kidogo kweli, basi moja la wageni likishusha watu mmejaa, na kuta zake ni magogo ya mwaloni yaliyosimamishwa wima. Watu wanakipenda sana na kwa vile wanakipenda wamekibebesha stori kibao.

"Ndo jengo la mbao kongwe kuliko yote duniani, lina karibu miaka 1,200." Hiyo hesabu inatokana na mwaka 845, ambao ulitolewa na vipimo vya zamani vya pete za miti, yaani ile mistari ya ndani ya gogo, mmoja kwa kila mwaka mti ulipokua. Wakaja kupima upya 1995, pete ya mwisho iliyobaki kwenye magogo ikaonekana ni ya mwaka 1053, ila ile sehemu laini ya nje karibu na gome ilishachongwa zamani kwa hiyo unaongeza miaka 10 mpaka 55, ndo unapata kwamba miti ilikatwa kati ya 1063 na 1108. Sasa hapo katikati kuna 1066, mwaka ambao William alivuka bahari toka Normandy akaichukua Uingereza, kwa hiyo hata kusema moja kwa moja ni kanisa la Wasaksoni, waliotawala kabla yake, ni kubahatisha, inawezekana kabisa Wanormani walishakuwa wenye nchi. Bado wengi wanalitaja kama kanisa la mbao kongwe kuliko yote ambayo bado yamesimama, sawa, lakini JENGO la mbao kongwe duniani hapana, hekalu la Horyu-ji kule Japani linalipita kwa karne kadhaa.

Na hapo hapo ndo inaingia stori ya Mtakatifu Edmund, mfalme wa zamani aliyeuawa na Wadenmark, kwamba mwili wake ulilazwa ndani ya kuta hizi hizi mwaka 1013 ukitoka London kurudishwa mji wa Bury St Edmunds. Piga hesabu mwenyewe, mti ambao 1053 ulikuwa bado unakua utakuwaje ukuta 1013? Kama ulilazwa Greensted basi ni kwenye jengo lililotangulia, na inawezekana lilikuwepo maana 1960 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta chini ya sakafu dalili za majengo mawili ya mbao ya zamani zaidi.

"Limebaki vile vile lilivyojengwa." Jamani hapana. Kilicho cha kale ni kuta za ile sehemu wanayokaa waumini, basi. Sehemu ya altare ni ya matofali, ya miaka ya 1500 hivi, mnara wa mbao nyeupe ulikuja baadaye, halafu 1848 wakafanya ukarabati mkubwa, miguu ya magogo ilikuwa imeoza wakaikata na kuyakalisha juu ya msingi wa matofali. Watu wengine wakisikia hivyo wanakata tamaa, mimi naona ndo utamu wenyewe, bila wale mafundi wa 1848 leo tungekuwa tunaoneshwa shimo tu. Ukifika usikimbilie picha, sogea kwenye ukuta: kwa nje gogo lina mgongo wa mviringo kama lilivyotoka msituni, ukiingia ndani ni bapa na alama za tezo bado unaziona, fundi alipokuwa anachonga, na kwenye kingo kumechimbwa mfereji mwembamba wakachomeka kipande cha mbao kati ya gogo na gogo ili upepo usipenye. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua anachofanya.

"Kile kitundu ukutani ni cha wagonjwa wa ukoma kufuatilia misa." Utaisikia Greensted na karibu kila kanisa la kale lenye dirisha dogo la chini. Tatizo ni kwamba wenye ukoma walikuwa na nyumba zao za kutunziwa na makanisa yao humo humo, hawakuwa wanajibanza nje ya kanisa la kijiji. Cha Greensted wengi sasa wanaona kilikuwa mahali pa maji ya baraka, kwa sababu mlango wa zamani ulikuwa karibu.

Kaburi la mlangoni nalo wanasema ni la mpiganaji wa vita vya msalaba, vile vya Wakristo wa Ulaya kwenda kuiteka Yerusalemu. Jiwe ni la karne ya 12 kweli, jina halina. Na kwa makanisa mengine, ile kwamba sanamu ya shujaa ikikunja miguu basi alikwenda Yerusalemu, sahau, ilikuwa staili ya wachongaji tu.

"Kila kilichovunjwa alivunja Cromwell." Hii ndo inanichosha. Oliver Cromwell, yule kiongozi wa jeshi la Bunge lililopigana na mfalme, kazaliwa 1599. Amri ya kuondoa sanamu ilitoka 1538 enzi za mfalme Henry VIII, na chini ya mwanae Edward VI, 1547 mpaka 1553, ndo michoro ya ukutani ilipigwa chokaa na altare za mawe zikang'olewa. Kinachochanganya ni kwamba kulikuwa na Cromwell mwingine, Thomas, waziri wa huyo Henry, na mkono wake upo kweli. Ila wakati wa vita vya Oliver nako hakukuwa salama, mtu wa upande wa Bunge, William Dowsing, alizunguka Cambridgeshire na Suffolk 1643 na 1644 akivunja vioo na sanamu, na kila kanisa alilopita aliandika kwenye daftari alichofanya! Kwa hiyo ukikuta ukuta mweupe kanisani usidhani watu wa kale walipenda weupe, kule Kempley, Gloucestershire, chokaa ilipobanduliwa 1872 ikatokea michoro ya karne ya 12.

"Ni historia ya wafalme na mashujaa tu." Mwaka 1834 vibarua sita wa shamba toka kijiji cha Tolpuddle, Dorset, walipelekwa uhamishoni Australia kwa sababu ya kuunda chama cha wafanyakazi. Walipoachiwa na kurudi, baadhi yao walipewa shamba huku Greensted, na mmoja wao, James Brine, akamuoa Elizabeth Standfield ndani ya kikanisa hiki 1839.

La mwisho, eti bila gari binafsi hufiki. Treni ya Central Line, moja ya zile za chini ya ardhi za London, ilikuwa inafika mpaka Ongar, wakaifunga 1994, siku hizi unashuka Epping unamalizia na basi mpaka Ongar halafu kwa miguu, au kama una viatu vizuri fuata njia ya miguu ya Essex Way ambayo inaanzia hapo hapo Epping na kupita Greensted. Ibada bado zinaendelea, kwa hiyo Jumapili asubuhi nenda kusali, siyo kupiga picha.