Asilimia 57 ya Ohio, Asilimia 57 ya Florida
Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu pendekezo la kulinda haki ya utoaji mimba katika katiba ya Florida, jimbo la Marekani: “Mwalimu, kura ya utoaji mimba Florida iliibwa? Mbona asilimia 57 walisema ndiyo, halafu tukaambiwa pendekezo limeanguka?”

Haikuibwa. Katiba ya Florida haibadilishwi bila asilimia 60 ya kura. Mwaka 2024 zilipatikana 57, pendekezo likaanguka. Ohio, Novemba 2023, pendekezo la suala hilohilo lilipata takribani asilimia 57 na likaingia kwenye katiba, maana kule zaidi ya nusu yatosha. Marekani haina kura ya maoni ya nchi nzima. Kila jimbo lina kanuni zake. Anayekutajia asilimia bila kizingiti, yaani kiwango cha kura kinachotakiwa ili pendekezo lipite, hajakupa matokeo.

Sasa hapa ndipo panaponikera. Watu huzungumzia 60 kana kwamba Florida ilizaliwa nayo. Iliwekwa na wapiga kura mwaka 2006, kwa takribani asilimia 58. Yaani kwa kipimo chake yenyewe, kanuni hiyo isingepita! Ohio nao waliombwa wapandishe kizingiti hadi 60, Agosti 2023, miezi mitatu tu kabla ya kura ya utoaji mimba. Walikataa. Wangekubali, ile 57 ya Novemba ingekuwa kushindwa.

Vitabu vinasema kizingiti kirefu hulinda katiba. Nafundisha hivyo, lakini nina mashaka. Mwaka 2018 Florida iliwarudishia haki ya kupiga kura watu wengi waliomaliza vifungo vyao, kwa zaidi ya asilimia 64. Mwaka uliofuata Bunge la jimbo likatunga sheria: kwanza walipe faini na gharama za mahakama walizohukumiwa. Kizingiti kilivukwa, na bado wengi wakabaki bila haki ya kupiga kura. Kwa upande mwingine, mwaka 2002, nusu ilipokuwa inatosha, Florida iliingiza kwenye katiba kifungu cha kuwalinda nguruwe wenye mimba wasifungiwe katika vizimba vidogo. Nawahurumia wanyama hao kwa dhati, ila hiyo ni kazi ya sheria ya kawaida. Nikiyaweka mawili hayo pamoja, siwezi kuapa kwamba 60 ni nyingi mno au ni haki.

Na Nevada, jimbo jingine, msiniulize “ilipita?” mkaishia hapo. Kule pendekezo la wananchi la kubadili katiba sharti lishinde mara mbili, katika chaguzi mbili zinazofuatana. Mfumo mpya wa uchaguzi wa awali, ule wa kuchuja wagombea, ulishinda 2022, ukaanguka 2024. Haki ya utoaji mimba ilipata takribani asilimia 64 mwaka 2024, na bado ilibidi irudi kwa wapiga kura 2026.